Umefaulishwa, Hujashushwa

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa hapa Irving, Texas. Wengi mlikuwa kazini, na simu hazijakoma tangu Jumapili, basi nimeyaandika yote kama yalivyotoka mdomoni. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, wadogo zangu, hamjambo? Wapendwa wetu wa Kongo na Burundi mliotoka Fort Worth mkapambana na foleni, karibuni sana. Naona kuna waliokuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, sare bado mwilini. Mkisinzia sitawasema.

Nianze na swali. Nani humu ndani amewahi kushika simu saa nane ya usiku akaangalia kesi yake? Nyosheni mikono, msione haya. Haya, karibu ukumbi mzima. Sasa, nani kati yenu amekuta siku moja yale maneno: kesi yako imehamishiwa ofisi nyingine? Hapo mikono imepungua, lakini nyuso nazitambua. Wengine mlinipigia usiku ule ule.

Mimi si wakili. Ni mwakilishi mwenye kibali cha Wizara ya Sheria ya Marekani, naruhusiwa kuwasimamia watu mbele ya Uhamiaji kupitia shirika lisilo la faida ninalolifanyia kazi. Mwaka wa kumi na nne sasa. Na katika miaka yote hiyo swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: “Dada, wamehamisha kesi yangu. Ndiyo nimekataliwa?”

Hujakataliwa. Narudia kwa ajili ya walioko nyuma: kuhamishwa si kukataliwa.

Mliotoka Dar mnalijua neno kufaulishwa. Umepanda daladala Mbagala, unakwenda Kariakoo. Mnafika njiani, gari linagoma, au konda anahesabu vichwa anaona hawamlipi. Anasimamisha daladala ya nyuma, mnafaulishwa. Unanung'unika? Unanung'unika sana. Kiti cha dirishani umekipoteza, sasa umesimama umeshika bomba. Lakini nauli unalipa tena? Hulipi. Safari imebadilika? Haijabadilika, bado ni Kariakoo. Umefaulishwa, hujashushwa. Wakenya nao mnasema “tumeuzwa”, makanga kauza abiria kwa matatu nyingine. Neno kali kuliko tendo lenyewe!

Kwa hiyo leo nataka tuone kwa nini Uhamiaji, yaani USCIS, inafaulisha. Kisha niwaambie kinachoharibu kesi za watu wetu, maana nimeshazika kesi za kutosha na sijawahi kuzika hata moja iliyouawa na kuhamishwa. Zinauawa na abiria anayeruka dirishani.

Jambo moja kabla sijaendelea. Marufuku za visa, amri za rais, kusimamishwa kwa maombi ya nchi hii au ile, leo sizigusi. Kesi iliyosimamishwa na kesi iliyohamishwa ni vitu viwili. Mwenye swali hilo aje mezani baadaye.

Twende. Faili lako linaanzia wapi?

Kuna mzee mmoja anakaa Lewisville, hapo juu kidogo tu. Alikuwa anamwombea mkewe kadi ya kijani. Akasoma maelekezo ya fomu, akaona anwani ya kutuma: Lewisville, Texas. Mzee akafurahi, akasema posta ya nini, ofisi iko jirani. Akavaa koti, akachukua bahasha, akaendesha mwenyewe. Getini mlinzi akamgeuza kwa adabu. Akarudi nyumbani akatuma kwa posta, bahasha ikasafiri maili sita. Wiki chache baadaye risiti ikaja, na namba yake inaanza na MSC. Akanipigia amekasirika. “Mimi nimetuma hapa nyumbani. Missouri wameingiaje?”

Ndugu zangu, pale Lewisville hapakai afisa wa kuamua kesi ya mtu. Ni mahali pa kupokelea. Kazi hiyo inafanywa na benki kwa mkataba na Hazina ya Marekani: wanafungua bahasha, wanachukua ada, wanapiga picha karatasi, wanatoa risiti, wanapeleka mbele. Sehemu kama hizo ziko pia Chicago, Elgin na Phoenix. Kwa hiyo kabla mtu yeyote hajakuandikia kwamba umehamishwa, karatasi zako zilikwishahama, na hukupata hata jinamizi.

Sasa zile herufi. Kila risiti ina herufi tatu na tarakimu kumi. EAC ni Vermont, kaskazini kabisa. WAC ni California. LIN ni Lincoln, Nebraska. SRC ni hapa kwetu Texas. MSC ni Missouri, ambako kipo Kituo cha Taifa cha Mafao kinachoandaa kesi za usaili. YSC ni Potomac, kule Virginia. Na siku hizi wengi mnapata IOE, ambayo si mahali popote, ni mfumo wa kompyuta. Kwa zile herufi za vituo, si IOE, tarakimu mbili za kwanza ni mwaka wa fedha wa serikali, na mwaka huo unaanza Oktoba 1, si Januari. Usishangae ukituma Novemba ukaona mwaka ambao bado haujafika.

Herufi hizo hazibadiliki kesi ikihamishwa. Hazibadiliki! Mtu kazaliwa Bukoba, kahamia Mtwara, kaoa huko, kazeekea huko. Cheti chake cha kuzaliwa kitaandika Mtwara? Kitaandika Bukoba mpaka anazikwa. Risiti yako inakuambia kesi ilizaliwa wapi. Inakoishi leo utaambiwa na barua ya uhamisho, basi.

Kwa hiyo wale mnaokesha kwenye makundi ya WhatsApp mkihesabu “SRC wamefika mwezi wa tano, LIN bado mwezi wa pili”, mnahesabu vyeti vya kuzaliwa.

Sasa sababu ya kwanza ya kufaulisha, na ndiyo ya kila siku: mzigo.

Idara hii inaendeshwa kwa ada zetu, karibu asilimia 96 ya bajeti yake. Hata si kodi, ni zile dola 1,440 za fomu I-485 ya kuomba kadi ya kijani, na za uraia, na za nyingine zote. Maana yake nini? Maombi yakifurika, fedha za kuajiri haziji kwanza halafu kazi ifuate. Kazi inakuja kwanza, inarundikana, na wakubwa wanatazama ramani: wapi kuna mikono? Kituo kimoja kimezidiwa na maombi ya ndugu, kingine kimepumua. Wanachukua kesi maelfu kwa mkupuo, wanazisukuma kwenye mikono. Hakuna aliyekaa akasoma jina lako akasema huyu wa Tanga tumpeleke Nebraska akaone theluji.

Nina dada wawili, wa tumbo moja, wako Dallas. Walijaza fomu meza moja, wakatuma siku moja, kila mmoja anamwombea mumewe. Mkubwa kesi yake ikahamishwa, ya mdogo ikabaki. Mkubwa akalia wiki nzima. Mdogo akampelekea supu, akamwombea dua. Miezi ikapita, ya mkubwa ikatoka, kakubaliwa, na ya mdogo bado imekaa pale pale ilipozaliwa. Mnadhani supu iliendelea? Mdogo akaanza kusema dada yake ana mtu ndani! Walinuniana mpaka Idi.

Sitawadanganya, mara nyingine inakuwa kinyume: umefaulishwa kwenda gari ambalo nalo linaharibika mbele. Nimeona kesi iliyohamishwa mara tatu ikachelewa kuliko wenzake wote. Hilo linauma na sina dawa yake. Lakini hata hiyo, ukisoma faili, hamna neno moja dhidi ya mwombaji.

Kuna pia ubingwa. Kama hospitali: daktari wa wilaya anakuandikia rufaa si kwa sababu amekuchukia. Maombi ya mke au mume aliyeteswa na mwenzake, ya waliodhurika na uhalifu, ya waliouzwa kama bidhaa, yana maafisa waliofunzwa kwa hayo, na sheria inawafunga midomo: hawaruhusiwi kumpa mtesaji habari za aliyeteswa. Mwaka 2023 kikaanzishwa kituo cha sita kinachoitwa HART, mahsusi kwa kesi za kibinadamu, na miongoni mwa fomu kilizopewa ni I-730, ile ambayo mkimbizi anawaombea mke, mume na watoto waliobaki nyuma. Wakongo wengi humu mna I-730. Kesi zikahamishwa kwenda huko, na simu yangu ikawaka moto mwaka mzima. “Dada, HART ni nani? Ni polisi?” Si polisi.

Sababu ya pili ndiyo ninayoipenda, kwa sababu ni habari njema iliyovaa nguo za msiba. Ni usaili.

Umeomba kadi ya kijani kupitia ndoa. Wale wa Missouri wamepanga karatasi zako, wameangalia cheti cha ndoa, alama za vidole, kipato cha mdhamini. Sasa wanataka mtu akutazame machoni. Afisa yuko wapi? Yuko ofisi ya eneo lako, nanyi watu wa Dallas ofisi yenu iko hapa hapa Irving. Basi faili linahamishwa, na wewe unapata ujumbe ule ule unaoogopesha. Mnaona? Ujumbe uliomliza mtu ulikuwa unamwambia tafuta suti, usaili unakaribia. Hata waombaji wa kupitia kazi, ambao zamani wengi walipitishwa bila kuitwa, tangu Oktoba 2017 walianza kuitwa kwa wingi, na mafaili yao yakatoka vituoni kwenda ofisi za maeneo.

Tena hebu fikirini hili. Kituo cha huduma cha Texas chenyewe kiko Irving. Ofisi ya usaili iko Irving. Mtu anakaa Irving, faili lake linazaliwa Irving, linakwenda Nebraska, linakwenda Missouri, linarudi Irving. Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nadhani waliwahi kuomba kadi ya kijani.

Lakini faili linakwenda kwenye ofisi ya eneo lako. La nani? Lako. Na eneo lako wanalijuaje? Kwa anwani uliyowapa. Hapa naomba aliyesinzia aamshwe na jirani yake.

Wanandoa fulani, vijana wazuri, walikuwa Fort Worth. Wakapata kazi Iowa, kiwanda cha nyama, mshahara mzuri na nyumba nafuu. Wakahama mwezi wa nane. Wakaenda posta wakajaza fomu ya kuhamisha barua, wakaamini wamemaliza. Kesi ikahamishiwa ofisi ya Texas kwa usaili, barua ya usaili ikaenda Fort Worth, kwenye mlango wa mtu mwingine. Siku ya usaili afisa akaita majina. Kimya. Wakaandikiwa kwamba wameliacha ombi. Na barua ya kuwaambia wameliacha, mnadhani ilikwenda wapi? Fort Worth! Walikuja kujua Februari. Muda wa kuomba kesi ifunguliwe upya, siku 30 hivi, ulikwishapita. Walianza upya, ada upya, alama za vidole upya, na mtoto kesha zaliwa.

Sheria ni siku 10. Ukihama nyumba, ndani ya siku 10 unawaambia Uhamiaji wenyewe, kwa fomu AR-11 au kwenye akaunti yako mtandaoni. Haina ada. Posta ni posta, Uhamiaji ni Uhamiaji. Na hata ukihama kutoka ghorofa ya pili kwenda ya tatu, jengo lile lile, umehama. Aliyekusainia udhamini wa I-864 naye akihama ana fomu yake, I-865, na ana siku 30. Wangapi mlijua hilo? Naona mkono mmoja, na wewe Mchungaji nilikwambia jana.

Kwa hiyo kuna uhamisho unaousababisha mwenyewe, na huo ni halali kabisa. Umehamia Iowa, ukawaambia, faili likapelekwa Des Moines. Ndivyo inavyotakiwa.

Sababu ya tatu ni faili lenyewe, faili la karatasi. Nivumilieni hapa nikae kidogo.

Kila mmoja wetu mwenye kesi kubwa ana namba A, herufi A na tarakimu zake. Nyuma ya namba hiyo kuna faili, na kila ulichowahi kuandika kwa Uhamiaji kinatakiwa kiwe humo. Mafaili hayo yanakaa wapi? Siku hizi mapya mengi yanatunzwa kwenye kompyuta, lakini ya karatasi, mamilioni, yanakaa Lee's Summit, Missouri, karibu na Kansas City, chini ya ardhi. Ndani ya pango! Walichimba chokaa, wakaacha vyumba vikubwa vya mwamba, baadaye wakavigeuza maghala. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilipoambiwa hivyo nikaona Amboni, nayo ni mapango ya chokaa. Tulipokuwa watoto tuliambiwa ukipotea mle Amboni unatokea Mombasa. Basi karatasi zangu za mwaka 2001, za enzi za INS kabla haijavunjwa 2003, ziko kwenye Amboni ya Wamarekani, na sijui zingetokea wapi.

Wakati wa korona ghala jingine la mapango, la Nyaraka za Taifa, nalo la eneo hilo hilo la Kansas City, lilibaki na wafanyakazi wachache, na watu wa uraia walisubiri kwa sababu moja tu: faili liko pangoni na hakuna wa kulitoa.

Sasa yuko mzee wetu mmoja, Mbembe wa Fizi, aliyekaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka kumi na saba. Alifika hapa kama mkimbizi, na baada ya mwaka mmoja akaomba kadi ya kijani, kama sheria inavyomtaka mkimbizi, bila ada. Kesi yake ikahamishwa. Ikahamishwa tena. Ikahamishwa mara ya tatu. Watoto wakapata kadi, mkewe akapata, yeye hana. Maneno yakaanza mtaani, mnatujua, kwamba mzee alikuwa mwanajeshi, mzee ana jambo alilolificha.

Nikaomba nakala ya faili lake. Mnajua nilikuta nini? Mafaili mawili, ya mtu mmoja. Mkewe alitangulia kufika, akamwombea kwa I-730, na hapo ikafunguliwa namba A ya kwanza. Kabla hiyo haijakamilika, mzee akaitwa kwenye safari yake mwenyewe kutoka kambini, ikafunguliwa ya pili. Kwenye moja jina la baba limetangulia, kwenye nyingine limekaa mwisho. Kwenye moja kazaliwa Januari 1, kama nusu ya watu wa kambini wote, kwenye nyingine karani kaandika Julai. Afisa wa kituo kimoja akiligusa faili anaona kuna pacha mahali, anamtafuta pacha, faili linahama. Hawakuwa wanamchunguza mzee wa watu. Walikuwa wanamtafuta mzee wa pili wakamkosa, kwa kuwa hayupo!

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, tukaweka namba zote mbili, tukaeleza mtu ni huyu huyu. Mafaili yakaunganishwa. Mzee, simama wakuone. Kadi anayo mfukoni, na mwakani ataomba uraia.

Kwa hiyo mwenye namba A mbili, mwenye jina lililogeuzwa, mwenye tarehe ya kuzaliwa ya kambini na nyingine ya shuleni, usikae kimya ukisubiri waligundue wenyewe.

La nne ni fupi. Kama unayemwombea yuko nyumbani, I-130, ile fomu ya kumwombea mke, mume au ndugu, ikishakubaliwa haibaki USCIS kabisa. Inavuka kwenda Wizara ya Mambo ya Nje, kwenye kituo chao cha visa Portsmouth, New Hampshire, kisha ubalozini: Nairobi, Dar es Salaam, Kinshasa. Hapo unapewa namba mpya kweli, ya Nairobi inaanza NRB, ya Dar DRS. Mwenye mke Bukavu ajiandae, usaili ni Kinshasa, na mnajua wenyewe Bukavu na Kinshasa si safari ya baiskeli. La kushika hapa ni moja: Portsmouth wakikuandikia, jibu. Mwaka mzima ukipita bila wewe kujibu wanaweza kulifuta ombi.

Haya. Sasa wale wanaoruka dirishani.

Yuko mama aliyeona kesi imehamishwa akaenda kwa bwana mmoja mwenye ofisi yenye bendera dirishani, anajiita notario, yaani mthibitishaji wa sahihi. Bwana akamwambia kesi imepotea, nipe dola 900 niirudishe. Hakuna mtu wa kurudisha kesi. Hayupo! Hata mimi siwezi, na wakili wa dola 500 kwa saa hawezi. Alichofanya yule bwana ni kujaza fomu upya na kutuma, na mama akalipa ada ya serikali mara ya pili. Sasa kuna maombi mawili ya mtu yule yule kwenye vituo viwili, na mnakumbuka yaliyompata mzee wa Fizi. Hapa Marekani mthibitishaji wa sahihi si wakili. Kibandiko cha muhuri kinauzwa dukani.

Na yuko kijana, huyu ananiuma. Fundi magari, mtu wa Mwanza. Aliingia kwa visa ya matembezi, ikaisha, akakaa zaidi ya mwaka bila hadhi. Kisha akaoa, mke ni raia, ndoa ya kweli, tuliila pilau yake. Wakaomba vizuri, karatasi zimekamilika. Siku moja akaona ujumbe: imehamishiwa ofisi nyingine. Akamuuliza binamu yake. Binamu, asiyejua kitu, akasema hao ni wale wanaofukuza watu, wanakuja kukuchukua kazini. Kijana hakumuuliza mkewe. Hakunipigia. Akanunua tikiti, akasema bora niondoke kwa miguu yangu kuliko kwa pingu.

Ameondoka ombi la kadi likiwa linasubiri, bila kibali cha kusafiri. Kisheria siku aliyopanda ndege ameliacha. Na kwa sababu alikwishakaa zaidi ya mwaka bila hadhi kabla ya kuomba, kutoka kwake kukawasha katazo la miaka 10. Ombi la mkewe, I-130, lenyewe halikufa. Likakubaliwa, likaenda Portsmouth, likaenda Dar es Salaam, na Dar wakamwambia kile kile: miaka 10, au uombe msamaha, uthibitishe kwamba mkeo anateseka kupita kiasi. Tumeuomba. Tunasubiri.

Ule uhamisho ulikuwa wa nini? Wa usaili. Barua ilifika kwa mkewe wiki tatu baada ya yeye kutua Mwanza. Ninayo nakala yake.

Basi ukiona umehamishwa, fanya nini? Kwanza subiri barua, usiishie kwenye ujumbe wa simu. Barua ni I-797C, ina jina la ofisi mpya na tarehe. Iweke na risiti, usiitupe. Ukitaka kujua muda wa kusubiri, tazama muda wa ofisi iliyoandikwa kwenye barua hiyo, si wa herufi za risiti. Ukiwa umeitwa alama za vidole, nenda, uhamisho haufuti miadi. Ukiwa umetakiwa kuleta ushahidi, tuma kwenye anwani iliyo kwenye barua ya kutakiwa ushahidi na kwa tarehe yake, hata kama kesho yake umeambiwa umehamishwa. Muda wa kawaida ukipita, unaruhusiwa kuuliza, na ukiuliza bila majibu, ofisi ya mbunge wako wa hapa inaweza kuuliza kwa niaba yako. Utasaini karatasi ya kuwaruhusu. Hawaangalii kama unapiga kura. Na usisafiri, usijaze upya, usimlipe mtu, mpaka mwenye kibali asome barua yako.

Nimemaliza upande wangu, chai inapoa. Meza ni tatu. Aliyehama nyumba tangu atume maombi aanze meza ya kwanza pale mlangoni, kuna vijana wawili wenye kompyuta, AR-11 tunaijaza leo leo kabla hujala andazi. Mwenye namba A mbili au majina mawili aje kwangu. Mwenye barua ya uhamisho mkononi akae meza ya katikati. Na mliokuja na barua ambazo hamjazifungua, nawajua mpo, njooni tuzifungue pamoja.